Nani Ameingia Nyumba ya Riziki?

Shangazi Ernestine alikuwa na tabia ya kuingia nyumba ya mtu kwa macho kabla ya kuingia kwa miguu. Alasiri ile alisimama kizingitini kwa Riziki, huko Kilibula, mtaa wa mji wa Uvira, mkoba wake ameubana kwapani, akatazama ukuta wa kushoto, akatazama wa kulia, akatazama darini, kisha akamgeukia Gaspard, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa nyuma yake na kofia mkononi. Aliinua nyusi tu, na Gaspard akaelewa, maana jambo hilo walikuwa wamelizungumza njia nzima kutoka Mulongwe.

Ilikuwa haki yake kutazama. Kwa watu wa Gaspard, mahari haimalizwi mpaka shangazi wa bwana harusi aende nyumbani kwa binti, akae, anywe chai, aone mikono yake na mahali anapolala. Na Shangazi Ernestine alikuwa na sababu zaidi ya desturi. Tangu mwanzo ukoo haukumtaka huyu mtoto wa Wangwana, Waislamu wa mjini, binti wa marehemu Mzee Selemani mfanyabiashara, aliyesali Ijumaa wakati wao walisali Jumapili. Ni yeye Ernestine aliyekuwa amewanyamazisha ndugu zake kabla ya vita, akisema moyo wa kijana hauchagui dini. Sasa vita vimepita, watu wameanza kusema, na kama ni kweli wanayosema, aibu ya kwanza ingekuwa yake.

Na nyumba yenyewe, tuseme ukweli, ilitia shaka. Uvira yetu ya Kongo, mwaka ule wa sitini na sita, ilikuwa mji uliopauka. Waasi walikuwa wameingia, wakakaa, wakatoka. Askari wa serikali nao wakaingia. Na kila aliyepita aliondoka na kitu. Watu waliporudi kutoka Burundi na kutoka milima ya Bijombo walikuta milango yao imechomwa kuni na vitanda vyao vimehama bila kuaga. Katikati ya ufukara huo, sebule ya mwanamke mmoja asiye na mume ilikuwa imependeza kama sikukuu.

Ukuta wa mlangoni ulikuwa wa buluu, ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, Riziki ameichanganya na chokaa mpaka imekuwa rangi ya ziwa la asubuhi. Ukuta wa pili ulikuwa mwekundu kwa udongo wa Kiringye, na juu yake zilitundikwa sahani za maua ambazo Mzee Selemani alizileta zamani kutoka Ujiji. Chini ya sahani palikaa kibuyu cha maziwa cha wafugaji wa milimani, kando yake kapu la Kirundi lenye michoro ya pembetatu nyeusi, na sakafuni mkeka wa zambarau. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa la vipande vya vikwembe, vitenge vya kuvaa, kila kipande na rangi yake. Na kuzunguka dirisha, vipande vya vioo, vya chupa na vya sahani vilikuwa vimebanwa kwenye udongo wa ukuta, vikipokea jua na kulimwaga sakafuni kwa rangi. Hakuna kitu kilichofanana na mwenzake, na bado vyote vilikaa pamoja bila kugombana.

Mtu wa kawaida angesema nyumba nzuri. Shangazi Ernestine alisema moyoni, nzuri kwa nguvu za nani?

Riziki aliwakaribisha kwa heshima zote, akampokea Shangazi mkoba, akamvutia kiti. Gaspard alipopita karibu naye, Riziki alisikia harufu ya sabuni yake, akajikuta ameivuta ndani, jambo ambalo lilimkasirisha, maana alikuwa ameapa hatajali. Alimpenda mno mwanamume yule. Alipenda mabega yake, alipenda namna alivyoinamisha kichwa akisikiliza. Lakini watu wote wa Kilibula walikuwa wamerudi kutoka Burundi kabla ya Noeli, na Gaspard amekuja kiangazi. Kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikokuwa amekimbilia, mtu anapanda lori asubuhi na mchana anakula Uvira. Alisema biashara yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, ndiyo iliyomfunga. Riziki alikuwa amelipokea neno hilo akaliweka kama mtu anavyoweka kisu chini ya godoro: hakitumii, lakini anajua kipo.

Gaspard hakukaa. Alizunguka chumba polepole, akigusa hiki, akiinua kile. Mwisho akasimama mbele ya ukuta wa buluu.

"Riziki, nani alipaka huu ukuta?"

"Minye," Riziki akasema, akijigusa kifua.

"Na ule mwekundu?"

"Minye. Udongo nilibeba na kichwa yangu toka Kiringye. Uliza bibi yoyote wa njia ile."

"Peke yako? Hakuna mwanaume alikusaidia?"

Riziki alimtazama. Kabla hajajibu, Shangazi alikikohoa kile kikohozi chake cha mahakamani, akanyoosha kidole kwenye pazia. Huku kwetu mwanamke hajinunulii kikwembe. Ananunuliwa na baba, na kaka, na mume. Mwanamume asiye mmoja wa hao akikupa kikwembe amekwisha sema neno lake, na wewe ukikipokea umekwisha jibu. Kwa hiyo pazia lenye vikwembe vya kila namna, katika nyumba ya msichana ambaye baba hayupo na kaka hana, kwa Shangazi Ernestine lilikuwa ni umati wa wanaume waliosimama mlangoni.

"Mwanangu," Shangazi alisema, kwa upole wa kutisha, "kila kikwembe iko na bwana yake. Hapa naona bikwembe bingi sana."

Riziki alikwenda kwenye pazia, akalivuta mpaka magotini kwa Shangazi. Akamwomba apime. Hakukuwa na kipande kilichozidi kiganja. Vilikuwa ni vile vinavyoanguka chini ya mashine mshonaji anapokata, na yeye alikuwa mshonaji tangu alipotoka shule ya masista. Wanawake wa mtaa walikuwa wakiacha vipande hivyo vifagiliwe, naye akavikusanya.

"Mwanaume gani anatongoza na kipande ya kiganja, Mama Shangazi?"

Midomo ya Shangazi ilitaka kucheka, akaizuia. Aligeuza vipande, akatambua kimoja: kilikuwa cha kikwembe cha jirani yake wa Mulongwe, kile alichovaa kwenye ubatizo. Akaliachia pazia lianguke.

Lakini Gaspard hakuwa amemaliza. Shaka ni kama upele, ukiukuna mahali pamoja unahamia pengine. Alikuwa ameshika mto mdogo uliokuwa kwenye kiti cha pembeni. Mto ule ulikuwa na ua jekundu katikati, lakini pembeni ulikuwa wa kaki, kaki nzito ya kijeshi.

"Na hii?"

"Hiyo ni shati ya waasi," Riziki akasema.

Nje mwanamke alikuwa akitwanga, wakasikia mchi wake ukienda na kurudi. Riziki alifunga mikono kifuani akaeleza bila kupamba. Walikuja mara nyingi, mashati yamepasuka. Mama yake alikuwa amelala chumba kile cha ndani, miguu imekufa, ndiyo sababu wao wawili hawakukimbia na wengine. Mkubwa wa waasi aliitazama mashine, akamtazama na yeye.

"Nikamuambia, leta mashati. Nilishona mpaka vidole ikavimba. Njo namna baliniachia mashine, na mama yangu, na minye mwenyewe."

"Weye mwenyewe," Gaspard akarudia, taratibu.

"Uliza vizuri, Gaspard. Kama unataka kuuliza, uliza."

Gaspard aliinama, akaugeuza mto. Aibu na wivu vilikuwa vikipigana usoni pake, na wivu ukashinda. "Balikugusa?"

"Hapana. Na kama balinigusa, njo namna ungekuja kuniuliza? Umesimama, na kofia mu mkono, sawa mutu wa kukusanya kodi?"

Gaspard alifumba macho. Alijua amekosea, lakini mwanamume aliyekwisha kuanza kushuku ni mzito kurudi nyuma, maana nyuma yuko yeye mwenyewe. Akashika neno la mwisho alilokuwa nalo. Akasema vioo vile vya dirishani anavijua. Vile ni vya duka la Mgiriki, lile kubwa la barabarani, ambalo lilivunjwa na kunyang'anywa. Watu wanasema Riziki alikula na walionyang'anya.

Hapo ndipo Riziki alipokaa chini. Alikaa kwenye mkeka, si kwenye kiti, miguu ameikunja upande, na sauti yake ilishuka.

"Balionyang'anya balibeba bizima. Minye niliokota bipande."

Halafu akawasimulia. Siku ile duka lilipovunjwa alikuwa anatoka ziwani na ndoo. Barabara ilikuwa imejaa sahani zilizopasuka, na jua limezipiga, na yeye kwa muda mrefu alikuwa hajaona rangi. Kipindi kile watu walijificha hata katika nguo. Aliyevaa kikwembe kipya alitafuta jicho la bunduki. Aliinama akaokota kipande kimoja cha buluu, hajui kwa nini. Nyumbani palikuwa na tundu la risasi ukutani, palepale mbele ya kitanda cha mama yake, na mama alikuwa amegeukia ukuta ule siku nyingi, hasemi, hataki chakula, analitazama tundu. Riziki alikanda udongo, akaliziba, na ile buluu akaibana juu.

"Mama akaangalia. Akaangalia sana. Halafu akaniambia, ongeza ingine."

Tangu hapo ikawa kazi, na ukuta wa mama ulipojaa rangi zikahamia sebuleni, ambako aliziona pazia likifunuliwa. Kila alipotoka alirudi na kitu: kipande cha chupa ya kijani, udongo mwekundu, unyoya wa kanga, ufito wa manjano. Mfugaji mmoja wa Bijombo aliyeshushwa mlimani na vita alilipia suruali yake kwa kile kibuyu. Mama hakuweza tena kwenda popote, basi Riziki akawa anamletea dunia vipande vipande na kuibandika mbele yake. Mama alikuwa akifungua macho asubuhi na neno la kwanza ni kuuliza, leo rangi gani? Alianza kula. Aliishi mpaka mvua za mwisho, mvua mbili zaidi kuliko alivyosema muuguzi. Alifia chumba kile akitazama ukuta, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeogopa.

"Banaume bote benye baliingia hii nyumba, Gaspard, ni wale benye balibeba mama yangu ku makaburi. Na weye haukukuwa."

Shangazi Ernestine alichomoa kitambaa kiunoni, akafuta pua. Alikuwa mkali, hakuwa jiwe. Akasema pole, mwanangu, tena akasema pole, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alikiegemea kiti chake. Gaspard alipiga magoti kwenye mkeka. Alimshika Riziki mkono, akaubusu mahali pale kwenye sugu ya mkasi, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo Riziki alikuwa ameingoja tangu siku ya kwanza ya vita. Riziki alilia kidogo. Halafu, kama wanawake wetu wanavyofanya wakishindwa na furaha, alisimama kwenda kuchemsha chai.

Wakanywa chai kwa maandazi. Ndani ya muda ule mfupi Riziki alikuwa mwenye heri kuliko wote wa Kilibula. Gaspard alikuwa akimtazama juu ya kikombe kama zamani, jicho likikaa, likikimbia, likirudi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Shangazi aliyekuwa akiyaona alijifanya anatazama sahani za Ujiji. Wakapanga: mahari imalizwe baada ya mavuno, ndugu waitwe, Padri aombwe, na mjomba wa Riziki aliyeko Kigoma apelekewe habari. Shangazi akasema yeye mwenyewe ataongea na wale wenye midomo mirefu.

"Nimekuletea kitu ya nyumba," Gaspard akasema. "Nilitaka kutoa mwanzo, nikawa na hasira."

Alifungua begi lake akatoa furushi, akalifungua magotini pa Riziki. Vilikuwa vitambaa vya kudarizi, vyeupe, pamba nzuri, vimefuliwa na kupigwa pasi. Kando kando vilizungushwa uzi wa rangi ya chungwa, na katikati ndege wawili, mmoja kijani, mmoja manjano, wakitazamana juu ya tawi. Kazi ilikuwa safi hata nyuma ya kitambaa, ambako mshonaji mvivu huacha uzi ovyo. Riziki alivipitisha vidole, na kwa dakika ile hakuwa mchumba wala nini, alikuwa fundi aliyekutana na mkono wa fundi. Akauliza vimetoka wapi.

"Nilinunua ku soko ya Bujumbura. Niliona rangi, nikasema hii ni ya Riziki."

Riziki alitabasamu, akasimama kuvitandika. Alianza na viti. Kitambaa cha mgongo wa kiti kina mfuko mdogo juu wa kukivisha, na mfuko huu ulikuwa wa duara, lakini viti vyake vilikuwa vya mgongo wa mraba. Kikawa kinaning'inia upande. Akajaribu cha pili, nacho vilevile. Akachukua kile kikubwa, cha meza, akakikunjua: kilikuwa cha duara. Meza yake ilikuwa ya pembe nne. Ndege walianguka pembeni, vichwa chini.

Akasimama na mkono juu ya kitambaa. Nyuma yake hakusikia tena Shangazi akitafuna.

Wasomaji wa mbali labda hawajui, kwa hiyo niseme. Vitambaa vya namna hii haviuzwi. Sokoni utapata kitambaa cha kufunika mkate, au cha padri, lakini seti ya viti na meza haiuzwi kwa sababu haimfai mwingine. Msichana haanzi kuidarizi mpaka siku mwanamume amemwonyesha viti alivyonunua kwa ajili ya nyumba yao, maana kabla ya hapo atapima nini? Anakaa mbele ya viti vile na uzi wake, jioni baada ya jioni, na kila kitambaa kinachukua umbo la kiti chake. Kila mwanamke wa ukanda huu wa ziwa anajua hilo. Wanaume wanaona kitambaa tu.

"Gaspard," Riziki akasema, bado amempa mgongo, "meza ya nani iko duara?"

Alisema hajui, alinunua tu, mwanamke muuzaji hakumwambia. Aliongea haraka na maneno mengi. Riziki alikuwa amerudi kwenye furushi, maana palibaki kitu kimoja chini, kimekunjwa kidogo sana, na Gaspard alipokiona akasema hicho kitakuwa cha kufunikia kikombe.

Shangazi Ernestine alinyoosha mkono akakichukua. Alikifungua. Ilikuwa foronya, yenye vifungo vidogo mgongoni, na haikuzidi ukubwa wa mikono miwili ikiwekwa pamoja. Ndege wa foronya hii alikuwa mmoja tu, mdogo, mdomo wazi.

"Hii ni ya muto wa mutoto," Shangazi akasema. "Mutoto wa kuzaliwa."

Uso wa Gaspard ulikuwa umebadilika rangi, na ni dhahiri kwamba foronya ile hakuwahi kuiona. Alikuwa amebeba furushi lote jinsi lilivyokunjwa, bila kulifungua. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa ametembea nalo toka Burundi akalifungua mwenyewe mbele ya watu.

"Mutoto wa nani?" Shangazi akauliza. "Minye njo nilikusemea ku baba zako. Niambie minye kwanza."

Ikatoka, kwa vipande. Anaitwa Domitille. Wakati wa kukimbia Gaspard alipanga chumba kwa baba wa binti huyo, huko Buyenzi. Alikuwa peke yake, alikuwa na homa, binti yule akamletea uji. Baadaye alinunua viti. Alisema hakukusudia, alisema alisikia kwamba Riziki amekufa.

"Nani alikuambia nimekufa?"

"Bantu. Bantu balisema."

"Na leo umekuja unaniuliza banaume." Riziki aligeuka sasa, na macho yake yalikuwa makavu. "Mufu anakaribisha banaume, Gaspard? Kama nilikuwa nimekufa, ulikuwa unaonea wivu nani?"

Gaspard alitazama mikono yake. Riziki alishika mgongo wa kiti. Angeweza kuvumilia mengi. Vita vilikuwa vimewafanya watu mambo mengi, na mwanamume mgonjwa katika mji wa ugenini akipewa uji na mkono laini, Mungu anajua. Labda angelia, na baada ya kulia angesamehe. Lakini macho yake yalirudi kwenye vitambaa vile vilivyoanguka upande kwenye viti vyake, na akauliza jambo ambalo Gaspard hakulitegemea.

"Yeye anajua kama umebeba hii bitambaa?"

"Alikuwa ameenda soko."

"Alikuwa ameenda soko," Riziki akasema.

Akakiona chumba kile cha Buyenzi kana kwamba amesimama ndani yake. Mwanamke anarudi na kapu, tumbo linamtangulia, anaweka kapu chini, na meza iko uchi. Viti viko uchi. Anafungua sanduku, hakuna kitu. Anatoka uani kuwauliza majirani nani ameingia, anamshuku huyu, anamshuku yule, anamshuku hata mtoto wa dada yake. Mtu mmoja tu hamshuku. Riziki alikuwa ameona nyumba nyingi zilizonyang'anywa, alijua namna wanawake wanavyosimama katikati ya chumba mikono imening'inia. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mali ile ingeletwa kwake, imepigwa pasi.

Alivua kitambaa kimoja baada ya kingine. Alivikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, bila kuharakisha, na foronya akaiweka katikati isije ikachafuka. Akamwekea Gaspard mapajani.

"Rudisha."

"Riziki, nisikilize. Nitamuacha. Naapa, nitamutumia ya kulisha mutoto, lakini weye njo..."

"Weye ulikuja hapa kuniuliza nani ameingia mu nyumba yangu," Riziki alimkatiza, na sauti yake haikupanda. "Saa hii yeye anauliza swali ile ile, na jibu ni weye. Nenda ukamujibu. Usiingie na kiburi. Simama ku mulango, umuite jina, umuambie ni minye nilibeba."

"Na sisi?" Gaspard akauliza, akipiga tena magoti, furushi kifuani.

Swali hili alilisema kwa namna ambayo moyo wa Riziki ulitaka kutoka kumfuata. Alikuwa mzuri hata sasa, mjinga huyu, amepiga magoti kwenye mkeka wake wa zambarau, jua la dirishani limemweka alama za kijani na nyekundu kwenye shati. Miaka miwili Riziki alimwombea. Aliomba kwa dua za baba yake, na zilipoisha akaomba na zile za masista.

"Nilikungojea na woga kama umekufa," akasema. "Ingekuwa afadhali ningejua. Ningelia, ningemaliza. Sisi, Gaspard, unatuuliza nyuma ya kubeba bitambaa ya mwanamuke mwenye mimba. Hakuna sisi."

Gaspard alimgeukia shangazi yake. Alizoea kuokolewa naye tangu utoto. Shangazi alimkabidhi kofia yake, akamwambia lori la mwisho la kwenda Kavimvira, mpakani, linatoka kabla ya jua kuzama, na asipolikuta atembee kwa miguu. Akamwambia pia kwamba habari za ukoo atazipeleka yeye. Gaspard alisimama, furushi mkononi, akangoja. Alingoja sana. Mwisho alitoka, wakasikia viatu vyake uani, kisha kwenye kokoto za njia, kisha wakasikia mchi wa jirani tu.

Riziki alibaki amesimama. Alichukua vikombe, akavirudisha chini. Aliokota chembe za andazi mezani, akazikusanya kiganjani asijue azipeleke wapi. Desturi ilitaka mgeni aondoke na aliyemleta. Akafikiri Shangazi anatafuta mkoba wake, akaenda kuuchukua, akampa kwa mikono miwili kama inavyopasa.

Shangazi Ernestine aliupokea, akauweka chini, karibu na mguu wa kiti.

Ndipo Riziki aliposhindwa. Mabega yalianza kutikisika, kisha mwili wote, na ile sauti ambayo hakumpa Gaspard ikatoka.

"Bado namupenda, Mama Shangazi. Mungu anisamehe, bado namupenda."

"Najua," Shangazi akasema, akimvutia kiti cha pili karibu na chake. "Njo maana minye sijaondoka."